Spoku Thelathini na Sita

Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Hatulii.
Neno moja, nukta, saini.
Miaka thelathini nyuma mwalimu mwengine
aliliandika neno hilo hilo katika daftari langu,
na bakora ikalipigia mstari.

Bibi yake akaleta kombe, zafarani ikielea.
Shaame akanywa nusu; nusu ikamwagika,
alikuwa kamwona mjusi.
Jirani akasema mtoto ana wake kichwani.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta spana namba kumi
na nilikuwa nayo mkononi.

Bi Raya wa hospitali, Chake,
hakumtazama mtoto peke yake.
Aliutazama na mguu wangu unavyocheza chini ya kiti.
Akaitaja hali hii kwa jina refu,
refu hata mwisho wake sikuushika.
"Dawa zina siku yake, tutazungumza.
Leo niambie: anasomea wapi?"
Nikasema, popote.
"Basi tuanze hapo hapo."

Nimempa pahala.
Sanduku la pedeli nimelipindua, ndiyo meza,
pembeni mwa banda letu hapa Mtemani,
uso ukutani, mgongo barabarani,
mbuzi wa watu wapite wasipite.
Ukutani nimechora kwa chaki: kiatu, daftari, penseli, chupa ya maji.
Michoro, maana asubuhi maneno hayamwingii.

Hesabu zikiwa ishirini,
kumi na saba nazifunika kwa kitambaa cha grisi.
Anafanya tatu. Kisha mbio mpaka bombani na kurudi;
pumzi yake hufika kabla yake.
Na akikaa, anakaa.

Muda hauna rangi wala harufu,
mwanangu haujui ukipita.
Nimemnunulia wenye mlio:
kisaa cha jikoni, umbo la yai, kimepasuka ubavu.
Kikilia, hata kama sentensi iko nusu, anaweka kalamu.
Na mimi naweka nyundo.

Jadweli ya nne tumeisomea kwenye ringi.
Mimi nazungusha, yeye anazishika njiti:
nne, nane, kumi na mbili,
mpaka thelathini na sita na gurudumu limekwisha.
Vidole vyeusi, tisa mara nne imo ndani yake,
wala hajui kama alikuwa anasoma.

Jumanne yote yalivunjika.
Mvua juu ya bati, kisaa hakisikiki,
daftari likaruka likaangukia ndoo ya maji ya pachi.
Nikafungua kinywa, akatoka mwalimu wangu wa zamani,
sauti ile ile, bakora ile ile.
Nilitoka nje nikalowa.
Niliporudi nilimwomba radhi mtoto wa miaka tisa.
Hilo halimo katika karatasi ya Bi Raya.

Gurudumu likiyumba hulipigi.
Unatafuta njiti iliyolegea,
unakaza robo, unazungusha, unatazama,
unakaza robo nyengine.
Hili nalijua tangu ujana wangu;
sikujua kama nalijua.

Kazi yangu kubwa sasa ni kukaa.
Simsomeshi. Mimi nanyoosha ringi, yeye anaandika.
Nikitoka kufuata solusheni, kalamu inasimama;
nikirudi, inatembea.
Sijui kwa nini. Bi Raya naye alisema
wengine wanafanya kazi kwa pumzi ya mwenziwe.

Jana nilimkabidhi mtu baiskeli yake,
tayari kashapanda, kashakanyaga.
"Baba, hujafika kwenye breki."
Nikageuka. Chini ya kiatu na daftari,
kwa chaki yangu, kwa mkono wake uliopinda,
kulikuwa na safu nyengine, yangu mimi:
mnyororo, breki, kengele.
Tukamkimbilia yule mtu, tukamkaza breki, akaenda zake.

Hakulipa. Nimekumbuka usiku.
Cha nne ukutani, kimechorwa kikubwa kuliko vyote,
ni noti.